Muulize Mfamasia: "Mume wangu anavuta sigara, nimnunulie vidonge vya antioksidanti?"

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu vidonge vya antioksidanti, vile vya "kusafisha damu", na barua zikamiminika. Nimechagua sita. Ya mama wa Tanga ndiyo iliyoninyima usingizi, nayo nimeijibu kwa urefu. Wengine mniwie radhi.

*

*Shikamoo Bibi. Niko kidato cha sita, nasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Kwenye simu nimekutana na "itikadi kali huru" zinazoharibu seli. Ni kitu gani hicho? Na kama oksijeni ndiyo inayotuweka hai, inakuwaje ituharibu? Mwanafunzi, Morogoro.*

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo jina litupe. Itikadi kali ni maneno ya siasa. Aliyetafsiri alikuta neno lenye maana mbili akaokota isiyohusika. Sisi tuseme radikali huru.

Umeshafundishwa kwamba elektroni hupenda kukaa mbili mbili. Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni iliyobaki peke yake. Nyingi hazitulii. Hunyang'anya elektroni kwa jirani, jirani akabaki na pengo, naye akamnyang'anya mwingine, na mnyororo ukaendelea. Moses Gomberg wa Chuo Kikuu cha Michigan ndiye aliyeitambulisha ya kwanza mwaka 1900, na wakemia wenzake wengi walikataa kuamini kwamba kitu kama hicho kinaweza kuwapo.

Mwilini mwako zinazaliwa kila sekunde. Ndani ya seli kuna mitokondria, ndiko chakula kinakochomwa kwa oksijeni. Elektroni hupokezanwa hapo kama ndoo za maji kwenye mstari wa watu wanaozima moto, hadi mwisho wa mstari oksijeni inazipokea na kuwa maji. Chache humwagika njiani, zikaidandia oksijeni kabla ya zamu. Hiyo ndiyo superoksidi. Mwili unalijua hilo na umejiandaa. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba protini fulani ya damu ya ng'ombe, ambayo hakuna aliyejua inafanya nini, kazi yake ni kuigeuza superoksidi kuwa haidrojeni peroksaidi. Kisha protini nyingine kama hiyo, kimeng'enya kiitwacho katalasi, kinaimalizia: maji na oksijeni.

Hiki cha pili unaweza kukiona kwa macho. Nunua kichupa cha haidrojeni peroksaidi duka la dawa. Dondoshea tone moja kwenye sakafu iliyodekiwa: linakaa kimya. Dondoshea jingine kwenye tone la damu ya kuku jikoni: linachemka, linatoa povu jeupe, na ukiinamisha sikio unasikia mchirizo wake mdogo. Ile ni katalasi iko kazini.

"Msongo wa oksidisho", jina alilolipa nguvu Helmut Sies wa Ujerumani mwaka 1985, ni pale radikali na jamaa zake zinapowazidi hawa walinzi. Lakini usizihesabu kuwa adui tupu. Chembe nyeupe ya damu ikimeza bakteria humwagia superoksidi kwa makusudi. Wapo watoto wanaozaliwa bila uwezo huo, nao huandamwa na majipu, nimonia na fangasi tangu wachanga. Hata nitriki oksaidi, inayolegeza mishipa yako ya damu hivi sasa unaposoma, ni radikali huru. Waliogundua kazi yake walipewa Nobel mwaka 1998. Likumbuke hili ukisoma barua inayofuata.

*

*Shikamoo Bibi. Mume wangu ana miaka 56, ni fundi gereji, anavuta pakiti ya sigara kwa siku tangu nilipomjua. Jirani yetu ameingia kwenye biashara ya virutubisho, ametuletea chupa ya vidonge vya antioksidanti. Imeandikwa beta-karotini, vitamini A na vitamini E. Anasema moshi unaleta radikali huru na vidonge vinazifuta, kwa hiyo hata asipoacha sigara atakuwa salama. Chupa ya mwezi mmoja ni shilingi 95,000. Nimeshaweka 60,000 kwenye kibubu. Nimnunulie? Mama wa watoto wanne, Tanga.*

Marahaba mwanangu. Usinunue. Ningeweza kuishia hapo, lakini jirani yako atarudi na kile kipeperushi chake chenye picha, na nataka uwe na cha kumjibu.

Nusu ya maneno yake ni kweli. Kila pafu la sigara linaingiza radikali huru nyingi, na zinaumiza mapafu. Wanasayansi nao walianzia hapo hapo. Denham Harman, aliyefanya kazi ya ukemia katika kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya kusomea udaktari, aliandika mwaka 1956 kwamba huenda hata uzee wenyewe unaletwa na radikali hizi. Viwandani walikuwa wanajua tayari. Mpira wa manati ukiachwa juani unapasuka nyufa, na watengenezaji wa matairi huchanganya kemikali za kuchelewesha hilo. Hizo nazo ni antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia radikali huru zisiharibu. Baadaye takwimu za nchi mbalimbali zikaonyesha kwamba wanaokula sana matunda na mboga za rangi huugua saratani ya mapafu kwa uchache. Ukiunganisha vipande hivyo viwili, kapsuli inajileta yenyewe. Mimi pia niliamini.

Mwaka 1993 nilikuwa binti mdogo kazini, niko kwenye dirisha la duka la dawa, tukihesabu vidonge kwa kisu cha bapa na kuandika 1×3 kwenye bahasha za karatasi. Alikuwapo mzee mmoja mbeba mizigo bandarini, mvutaji, kifua kinakoroma. Akaniuliza kama zile kapsuli za rangi ya chungwa zilizotoka ng'ambo zingemsaidia mapafu. Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma. Alizinunua miezi mingi, akifungua fundo la leso na kunyoosha noti moja moja juu ya kaunta. Na kila mara alinishukuru.

Aprili 1994 yakatoka majibu ya Finland. Walichukuliwa wanaume 29,133, wote wavutaji wa miaka 50 hadi 69, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walimeza beta-karotini miligramu 20 kila siku, kwa miaka mitano hadi minane. Ilitarajiwa saratani ya mapafu ipungue. Waliomeza beta-karotini walipatikana na saratani hiyo watu 474. Wasiomeza, 402. Ni ongezeko la asilimia 18.

Wako waliosema ni ajali ya hesabu. Lakini Marekani kulikuwa na utafiti mwingine ukiendelea, CARET, wenye watu 18,314: wavutaji, waliowahi kuvuta, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Wao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Rudi kaisome chupa ya jirani yako. Januari 1996 utafiti huo ulisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliokuwa wakimeza waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo vyao vilikuwa asilimia 17 zaidi.

Habari hizi zilinifikia kwa kuchelewa, katika jarida lililopita mikono mingi, jalada limeng'oka. Nilisoma jedwali nikiwa nimesimama. Mzee hakuwa akija tena dukani. Nilikwenda kumuulizia bandarini, nikaambiwa amerudi kwao. Sisemi kwamba kapsuli zangu zilimdhuru. Utafiti unahesabu maelfu, haumnyooshei kidole mtu mmoja. Ila nilimpa uhakika ambao sayansi haikuwa nao, na kwa ajili ya uhakika huo akaendelea kuvuta akiwa na amani moyoni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndilo jirani yako analotaka kumfanyia mumeo.

Kwa nini iwe hivyo? Beta-karotini ikijaa kwenye pafu lenye moshi, yenyewe huoksidishwa na kuvunjika vipande vinavyochokoza seli. Na kuna jingine. Seli iliyoshika njia ya kuwa saratani nayo huishi kwenye msongo wa oksidisho, na msongo huo ni mmoja wa breki zake. Mwaka 2014 watafiti wa Gothenburg, Sweden, waliwapa panya wenye uvimbe mchanga wa mapafu vitamini E au dawa iitwayo N-asetilisisteini, zote mbili antioksidanti. Uvimbe ukakua kwa kasi zaidi na panya wakafa mapema. Mlinzi aliyeletwa hakuchagua. Aliilinda hata seli mbaya.

Sitaki uogope karoti. Miongoni mwa Wafini hao hao, waliokuwa na beta-karotini nyingi katika damu kabla utafiti haujaanza, waliugua saratani kwa uchache. Ile ilitoka kwenye chakula. Embe, boga, mchicha, mawese mekundu, endelea kumpikia. Chakula huja na mamia ya vitu pamoja, kila kimoja kidogo kidogo. Kapsuli ilichomoa kimoja, ikakizidisha mara nyingi kuliko alichozoea mwili.

Hizo 60,000 zako zitumie kumsaidia aache. Mpeleke hospitali aonane na daktari, aeleze anavuta ngapi na sigara ya kwanza anaiwasha saa ngapi. Upo ushauri na zipo dawa za nikotini za kumvusha zile wiki za mwanzo, ambazo ndizo ngumu. Miaka 56 si kuchelewa. Anayeacha, baada ya takriban miaka 10, hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya anayeendelea. Jirani usigombane naye. Huenda naye kaambiwa tu kama nilivyoambiwa mimi. Mpe ukurasa huu asome.

*

*Nimetumia ARV miaka minane na naendelea vizuri. Rafiki ananishauri nimeze vitamini C na E za dozi kubwa "kupunguza msongo wa oksidisho". Unasemaje? Msomaji, Dar es Salaam.*

Jibu lako lilipatikana mjini kwako. Kuanzia mwaka 1995, kabla ARV hazijawafikia watu wengi, watafiti wa Muhimbili na Harvard waliwafuatilia wajawazito 1,078 wenye VVU. Vitamini za kundi B pamoja na C na E ziliwachelewesha kuugua zaidi. Vitamini A peke yake haikuwafaa, tena iliongeza maambukizi kwa watoto. Ndipo likaja swali lako hasa: kwa mtu aliye kwenye ARV, je, dozi kubwa itamsaidia zaidi? Wagonjwa 3,418 walioanza dawa katika kliniki 7 za Dar, kati ya 2006 na 2008, walipewa vitamini hizo kwa dozi ya kawaida au kubwa. Machi 2009 ikabidi utafiti usimamishwe. Waliokuwa kwenye dozi kubwa, ALT yao, kipimo cha kuumia kwa ini, ilipanda, na hawakuwazidi wenzao kwa lolote jema.

Kwa hiyo ARV zako kwa saa zilezile, mlo wa kutosha, na chochote cha ziada kionyeshe kwanza kwa mhudumu wako wa CTC, kliniki yako ya tiba ya VVU. Kibebe na kopo lake, usikieleze kwa mdomo.

*

*Bibi, nakaanga chipsi. Mafuta yakifika siku ya tatu yanaanza harufu na povu. Mteja mmoja kaniambia yamejaa radikali huru. Nikiongeza mapya juu yake si yanakuwa sawa? Muuza chipsi, Mwanza.*

Mteja wako yuko sahihi kabisa, na nimefurahi umeuliza, maana wengi hawaulizi.

Mafuta ya maji kama ya alizeti yana viungio dhaifu vingi kwenye molekuli zake. Moto, hewa na mwanga vinaving'oa, oksijeni inaingia, na mnyororo niliomweleza mwanafunzi wa Morogoro unaanza kukimbia ndani ya karai. Ukiongeza mafuta mapya juu ya yaliyochacha, hujayaponya ya zamani, umeyapa kuni. Mapya yataharibika haraka kuliko kama ungeyaweka peke yake.

Dalili unazo mbele yako. Povu dogo dogo lisiloisha hata ukiondoa chipsi. Moshi unaotoka mapema kuliko jana. Rangi ya chai iliyokolea. Na pitisha kidole ukingoni mwa karai likipoa: ule utando wa kahawia unaonata kama gundi, usiotoka kwa sabuni, ni mafuta yaliyoshikana yenyewe kwa yenyewe. Ukifika hapo, mwaga. Ili yakae muda mrefu zaidi, shusha moto kila mteja anapokatika, chuja makombo kila jioni, yafunike, yaweke gizani, na usiyalaze kwenye chombo chenye kutu, maana chuma huchochea. Najua lita moja ya mafuta ni faida ya siku. Lakini watoto wa shule ndio wateja wako, na harufu hiyo wanaila.

*

*Nimesoma kwamba karafuu yetu inaongoza duniani kwa antioksidanti. Je, nimpe mtoto wa miaka miwili mafuta ya karafuu kila siku ili akue na kinga? Mama, Wete, Pemba.*

Hapana, tafadhali. Karafuu kweli iko juu sana kwenye orodha hizo, sababu ni eujenoli, ile inayoipa harufu. Lakini orodha zilipimwa ndani ya vioo vya maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka jedwali kama hilo kwa ajili ya vyakula vingi, lililoitwa ORAC, na mwaka 2012 ikaliondoa, kwa kuwa namba zake hazionyeshi kinachotokea mwilini na wauzaji walikuwa wakizitumia kuuzia bidhaa.

Mafuta ya karafuu ni eujenoli karibu tupu. Kwa mtoto mdogo, kijiko kimoja cha chai kinaweza kuharibu ini, kuleta degedege na kumzimisha. Chupa yake iweke juu ya kabati ambako mkono wake haufiki. Karafuu nzima mbili tatu kwenye pilau ya nyumba nzima hazina neno.

*

*Mwanangu wa kiume, miaka mitano, alipewa dawa. Siku ya pili mkojo ukawa kama kahawa, macho manjano, akaongezwa damu. Daktari amesema ana upungufu wa G6PD. Shemeji ananiambia nimpe vitamini C nyingi kwa sababu ni antioksidanti. Mama, Kilifi.*

Pole sana mwanangu, na umshukuru aliyewahi kukupa hilo jina la ugonjwa. Wapo wanaorudi na mkojo mweusi mara ya pili na ya tatu bila kuambiwa kitu.

Mlinzi mkuu ndani ya chembe nyekundu ni glutathioni. Kila akipambana na radikali anachoka, na anayemrudishia nguvu anazitoa kwenye kazi ya kimeng'enya kiitwacho G6PD. Seli nyingine zina njia za pembeni. Chembe nyekundu haina. Kwa mtoto wako njia hiyo ni nyembamba. Siku za kawaida inatosha, acheze, aende shule. Ikija dawa inayozalisha radikali nyingi kwa mpigo, glutathioni inaisha, chembe zinapasuka, na ule weusi wa mkojo ni rangi ya damu iliyomwagika. Hali hii ilitambuliwa mwaka 1956, baada ya dawa ya malaria iitwayo primakwini kuwaangusha baadhi ya waliopewa. Ni ya kurithi, kijeni chake hupita kwa mama na huwapata zaidi wavulana. Pwani yetu ni wengi wenye nayo, kwa kuwa huwapa kinga kiasi dhidi ya malaria.

Shemeji yako anakutakia mema, lakini vitamini C kwa dozi kubwa ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kuzipasua chembe za mtoto huyu. Ikiwa nyingi, kwenye damu kama yake, inageuka kuwa mzigo. Chungwa na ubuyu ale kama watoto wenzake.

Vya kuepuka, mbali na primakwini: dapsoni, nitrofurantoini, na zile dawa nyingine atakazokuandikia daktari wako. Nyumbani, ondoa vidonge vyeupe vya nafitalini mnavyoweka kabatini kufukuza nondo, hata kuvaa nguo iliyolala navyo si salama kwake. Na harusini msimpake hina, wala wadogo zake wachanga ambao hawajapimwa. Kwetu hili husahaulika, na hina imewahi kuangusha watoto wa aina hii. Akipata malaria atibiwe haraka, dawa mseto ya artemether na lumefantrine anaweza kupewa.

Muombe daktari aandike "upungufu wa G6PD" kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki. Karatasi nyingine yenye maneno hayo ifunge kwenye nailoni, mpe mwalimu wake, na ya tatu akae nayo bibi yake kwa siku zile ambazo wewe hupo.